Gitaa Lililoimba Bila Mwimbaji: The Shadows na Chati za Uingereza

Santuri ninayotaka kuizungumzia ina lebo ya kijani yenye maandishi ya rangi ya fedha, jina la kampuni ni Columbia, na namba yake ni DB 4484; ni "Apache" ya kundi la The Shadows. Niliirithi pamoja na nyingine thelathini na kitu kutoka kwa baba yangu mdogo, ambaye mchana alikuwa fundi redio Kariakoo na usiku, hasa Jumamosi, alipiga gitaa la rithimu katika bendi moja ya dansi ambayo haikudumu kiasi cha kukumbukwa na mtu yeyote isipokuwa wale walioidai. Kwa miaka mingi sanduku lile lilikaa juu ya kabati nyumbani kwake Magomeni, likipigwa na joto la Dar es Salaam na unyevu wa masika, na nilipolishusha mwaka jana nilikuta nusu ya santuri zimepinda kama chapati iliyosahaulika juani. Hii ya kijani ilikuwa imenyooka.

Baba mdogo hakujua Kiingereza cha kutosha kufuata maneno ya wimbo, wala hakuona aibu kusema hivyo. Santuri za waimbaji wa Kizungu alizipiga mara moja moja tu, kwa heshima ya baharia aliyemletea, lakini hii aliipiga mpaka majirani wakaijua kwa mluzi. "Mwanangu," aliniambia siku moja nikiwa nimekaa chini karibu na mashine, "hawa hawana mwimbaji. Gitaa ndilo linaloimba. Sasa hapo mimi na Mwingereza tuko sawa." Nimezisoma chati za Uingereza za miaka ile, yaani orodha za santuri zilizouzwa zaidi, kwa muda mrefu sasa, wiki kwa wiki, na bado naona kwamba maelezo yake yanatosha kueleza kupanda kwa kundi hili la The Shadows, na kwa sehemu kubwa kushuka kwake pia.

Walianza kama wapigaji wa nyuma wa mwimbaji wa Kiingereza Cliff Richard. Mwaka 1958 vijana wawili wenye umri wa miaka 16 walitoka Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, wakaenda London kushiriki shindano la vipaji na hawakurudi tena kwao. Mmoja ni Hank Marvin, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Brian Rankin, na mwenzake ni Bruce Welch. Wakawa wanashinda kutwa katika mkahawa wa 2i's, mtaa wa Old Compton huko Soho, mahali ambapo kila kijana mwenye gitaa alikuwa akingoja kuonwa, na walipoonekana ilikuwa ni kwa bahati, kwa sababu meneja wa Cliff alikuwa amekwenda pale kumtafuta mpiga gitaa mwingine kabisa. Baadaye wakaungana na Jet Harris katika besi na Tony Meehan katika drams. Waliitwa The Drifters, jina ambalo Marekani lilikuwa tayari na wenyewe, tena maarufu, na santuri yao ya kwanza ilipovuka bahari ikazuka kesi ya jina. Mwaka 1959, wakiwa katika baa moja ya Ruislip, pembezoni mwa London, Jet Harris akapendekeza The Shadows, yaani Vivuli, jina linalowafaa kabisa watu wanaosimama nyuma ya mwimbaji.

Kabla ya DB 4484 walikuwa wametoa santuri tatu zao wenyewe, bila Cliff. "Feelin' Fine" na "Saturday Dance" walikuwa wanaimba, na "Jet Black", iliyotoka katikati ya hizo mbili, ilikuwa ya ala tupu. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye chati. Nimezisikiliza zote, na zile mbili za kuimba hazina ubaya wowote isipokuwa kwamba ukimaliza kuzisikiliza hukumbuki ulichosikia. Sauti zao zilikuwa nzuri za kumsindikiza mtu, na kumsindikiza mtu ndiyo ilikuwa kazi yao.

Wimbo uliowabadilishia maisha waliupata ndani ya basi. Mtunzi Jerry Lordan, ambaye naye alikuwa mwimbaji katika msafara uleule wa maonyesho wa mwaka 1960, alikuwa ametunga muziki aliouita "Apache" kutokana na filamu ya mwaka 1954 yenye jina hilo, aliyocheza Burt Lancaster. Mpiga gitaa Bert Weedon alikuwa ameshaurekodi, lakini santuri ilikuwa haijatoka na Lordan hakuridhika na jinsi ulivyopigwa, kwa hiyo akawapigia The Shadows ule mwendo kwa ukulele, kigitaa kile chenye nyuzi nne. Waliukamata. Tarehe 17 Juni 1960 waliingia Studio Namba 2 ya kampuni ya santuri ya EMI, barabara ya Abbey Road, chini ya mtayarishaji Norrie Paramor, wakaurekodi.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu santuri hii inachukua dakika tatu hivi na kila sehemu yake ina habari. Sindano ikishashuka, kinachosikika kwanza ni ngoma. Ile ni ngoma ya Kichina, na anayeipiga ni Cliff Richard mwenyewe, ambaye jina lake halimo kwenye lebo. Ni yeye tena anayeipiga mwishoni, muziki unapokwenda zake kama msafara unaopotelea bondeni. Kisha gitaa la rithimu la Bruce Welch linaingia, kavu, likitembea hatua kwa hatua. Halafu ndipo Hank anapoingia na ule mwendo wenyewe katika nyuzi za chini, si kwa haraka wala kwa mbwembwe, noti moja baada ya nyingine kama mtu anayesema jambo zito na anayetaka asikilizwe. Kila noti ndefu anaitikisa kidogo mwishoni kwa kutumia kile kijiti cha chuma kilichofungwa kwenye daraja la gitaa, na mtikisiko huo ndio unaofanya sikio lidhani linasikia koo la binadamu.

Gitaa lenyewe lina kisa chake. Uingereza ya miaka ile ilizuia kuingizwa kwa ala za muziki kutoka Marekani, kwa hiyo vijana walikuwa wakiziona gitaa za Fender kwenye picha tu. Hank alikuwa akimhusudu James Burton, mpiga gitaa wa Kimarekani, na alichojua ni kwamba Burton anatumia Fender. Akaagiza kitabu cha bei, akaona Stratocaster nyekundu yenye vyuma vilivyopakwa dhahabu, akaamua kwamba mtu mkubwa kama Burton lazima atumie iliyo ghali kuliko zote. Alikosea, maana Burton alikuwa akipiga Telecaster. Lakini Cliff alikuwa ameshatoa fedha, gitaa likafika mwaka 1959, na kosa hilo likawa ndilo chanzo cha sauti ambayo nusu ya Ulaya ilikuja kuiiga, kwa sababu Telecaster ya wakati ule haikuwa na kijiti cha kutikisia.

Kitu cha pili ni mwangwi. Hank alikuwa na mashine ya Kiitalia iitwayo Meazzi, aliyoipata kwa mwanamuziki Joe Brown ambaye haikumpendeza, na mashine hiyo ilikuwa ikiirudisha kila noti mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka noti moja ikajaza nafasi ambayo mpigaji mwingine angeijaza kwa noti kumi. Baba mdogo alilijua hilo kwa masikio tu, bila kusoma popote. Kwa kuwa hakuwa na fedha za mashine ya namna hiyo na mikono yake ilikuwa ya ufundi, alichukua pipa tupu la mafuta, akaliweka uani, akatia spika upande mmoja na kipaza sauti upande wa pili, kisha akapiga "Apache" saa tatu usiku. Mwangwi ulipatikana kweli. Ulipatikana mpaka kwa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye alikuja akiwa amevaa msuli, akasimama mlangoni bila hata ya kubisha hodi, akasema, "Bwana fundi, tumesikia. Sasa tupumzike." Pipa likarudishwa kwenye kazi ya kukingia maji.

"Apache" ilifika nafasi ya kwanza tarehe 25 Agosti 1960 na ikakaa hapo wiki 5. Santuri iliyoing'oa ilikuwa "Please Don't Tease" ya Cliff Richard, ambayo wapigaji wake walikuwa haohao The Shadows, hivyo wiki ile vivuli vilimpita mwenye mwili. Santuri ya Bert Weedon, iliyotolewa haraka baada ya kuona mambo yanachemka, iliishia nafasi ya 24. Muziki ni uleule, na Weedon alikuwa mpigaji hodari aliyewafundisha vijana wengi wa Uingereza kushika gitaa kwa vitabu vyake, lakini kwake mwendo ule unatembea tu, kwa Hank unaimba.

Kabla sijaendelea na namba, inafaa nieleze ni chati gani ninayoitumia, kwa sababu watu wengi hutaja nafasi za miaka ya sitini kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni. Uingereza ya wakati ule haikuwa na chati moja. Gazeti la New Musical Express lilianzisha ya kwanza ya mauzo ya santuri Novemba 1952, kwa njia rahisi ya kupigia simu maduka na kuuliza ni zipi zilizouzwa zaidi. Melody Maker lilikuwa na yake, Disc lilikuwa na yake, jarida la wafanyabiashara liitwalo Record Retailer likaanza kuchapisha yake Machi 1960, na BBC ikachukua hizo zote na kutafuta wastani. Chati moja rasmi, iliyofanyiwa utafiti na British Market Research Bureau, ilikuja Februari 1969 tu. Waandishi wa vitabu vya kumbukumbu waliamua baadaye kufuata Record Retailer kwa kipindi chote cha katikati, na ndiyo sababu "Please Please Me" ya The Beatles inahesabiwa leo kuwa ilifika nafasi ya 2, ingawa New Musical Express liliiweka ya kwanza. Namba zangu nazo ni za mkondo huo wa Record Retailer. Anayetaka kubishana nami kwa kutumia New Musical Express anakaribishwa, ila aje na gazeti lenyewe mkononi.

Baada ya "Apache" mambo yalikwenda kwa kasi ambayo bendi zetu za dansi zingeielewa, ile ya kulazimika kutoa kibao kingine kabla cha kwanza hakijapoa. "Man of Mystery" ikafika nafasi ya 5, "F.B.I." ya 6, "The Frightened City" ya 3, na Oktoba 1961 "Kon-Tiki" ikashika nafasi ya kwanza kwa wiki 1. Mwaka huohuo albamu yao ya kwanza, iliyoitwa kwa jina lao tu, ilifika kileleni mwa chati ya albamu, jambo ambalo hakuna kundi jingine la Uingereza lililokuwa limelifanya. "The Savage" ikafuata, nafasi ya 10.

Nitasimama kidogo kwenye "F.B.I.", kwa sababu ukikutana leo na mzee yeyote aliyejifunza gitaa la umeme miaka ile, iwe London au Magomeni, hiyo ndiyo atakayoipiga akitaka kujaribu kama amplifaya inafanya kazi. Kwenye chati ni ya 6, kwenye vidole vya watu ni ya kwanza. Jina la mtunzi lililoandikwa kwenye lebo ni Peter Gormley, aliyekuwa meneja wao, ingawa walioitunga ni Marvin, Welch na Harris. Sababu ilikuwa mambo ya mikataba. Baba mdogo nilipomweleza hilo hakushangaa hata kidogo. Alicheka kwa pua na kuniuliza kama nilidhani kuandikwa jina la mtu mwingine kwenye santuri ni uvumbuzi wa Dar es Salaam.

Kilele chao cha namba ni "Wonderful Land", nayo kazi ya Jerry Lordan. Iliingia nafasi ya kwanza tarehe 22 Machi 1962 ikakaa wiki 8, na katika miaka yote ya sitini hakuna santuri iliyokaa kileleni wiki nyingi zaidi ya hizo kwa mfululizo. Elvis Presley alifikia wiki 8 mwaka 1960 kwa "It's Now or Never", na The Archies wakafikia mwaka 1969 kwa "Sugar, Sugar". Msingi wa muziki ule ulirekodiwa mwaka 1961, halafu Paramor akauongezea vinanda vya nyuzi na tarumbeta za Kifaransa juu yake. Nitasema ninavyoona: ni nzuri, lakini vile vinanda vinafanya kazi ambayo mwangwi wa Hank ulikuwa tayari unaifanya, ni kama kutia sukari kwenye madafu. Kama ningekuwa mimi ninayegawa zile wiki 8, tatu ningeipa "Apache" na tatu "F.B.I.".

Wakati "Wonderful Land" inatawala, kundi lililoirekodi lilikuwa limeshaanza kuvunjika. Tony Meehan alikuwa ameondoka Oktoba 1961, nafasi yake ikachukuliwa na Brian Bennett, na Aprili 1962, santuri ikiwa bado kileleni, Jet Harris naye akaondoka, akaja Brian Locking. Wapenzi wa dansi wanajua kinachofuata mpiga besi na mpiga drams wanapohama pamoja au kwa kufuatana: huwa wanakwenda kuanzisha yao. Na ndivyo ilivyokuwa. Harris na Meehan waliungana, wakaenda kwa mtunzi yuleyule Jerry Lordan, wakapewa "Diamonds".

Sasa tazama Januari 1963. Mwanzoni mwa mwezi nafasi ya kwanza ilikuwa ya Cliff na The Shadows, kwa santuri yenye "The Next Time" upande mmoja na "Bachelor Boy" upande wa pili, wimbo ambao Bruce Welch aliutunga pamoja na Cliff. Baada ya wiki 3 ikaondolewa na "Dance On!" ya The Shadows peke yao. Wiki moja tu baadaye "Dance On!" ikaondolewa na "Diamonds", yaani The Shadows wakaangushwa na waliokuwa The Shadows, na "Diamonds" ikakaa wiki 3. Kwa wiki 7 mfululizo kilele cha chati ya Uingereza hakikutoka nje ya familia ile. Nimetafuta mfano wa hali hiyo katika ugomvi wa bendi zetu, ambako wanamuziki wamehama na kuhamishana tangu nijue kusikia, lakini hatukuwahi kuwa na chati ya kila wiki ya kutuonyesha nani alimwangusha nani Jumatano ipi.

"Dance On!" ina jambo jingine linalonirudisha kwenye maneno ya baba mdogo. Mwaka huohuo mwimbaji Kathy Kirby, mwenye sauti kubwa na nzuri, aliirekodi ikiwa imetiwa maneno, ikafika nafasi ya 11. Haikuwa kushindwa, lakini muziki uliofika wa kwanza ukiwa bubu ulipopewa ulimi ulikwama nje ya kumi bora.

Mwezi Machi 1963 "Foot Tapper", kutoka kwenye filamu ya "Summer Holiday", ikawa ya kwanza kwa wiki 1. Ilikaa katikati ya wimbo wa Cliff wenye jina la filamu hiyo, ambao ulikuwa juu wiki 2 kabla yake na ukarudi wiki 1 baada yake. Kisha tarehe 11 Aprili akapanda Gerry and the Pacemakers kutoka Liverpool na "How Do You Do It?", na wiki 3 baadaye The Beatles wakapanda na "From Me to You" na kukaa wiki 7. The Shadows hawakufika tena nafasi ya kwanza kwenye chati ya santuri ndogo. "Atlantis", nyingine ya Lordan, ilisimama ya 2, na ni muziki mtamu kuliko nilivyotarajia kwa namba yake.

Wengine huandika kwamba The Beatles waliwafuta. Mimi naona ni kuwarithi zaidi kuliko kuwafuta. Mpango wa watu wanne, gitaa la solo, la rithimu, la besi na drams, bila piano na bila saksafoni, ulikuwa ndio mpango wa The Shadows, na vijana wa Liverpool waliuona kama kila mtu alivyouona. Mwezi Juni 1961, wakiwa Hamburg, The Beatles walirekodi muziki wa ala tupu uliotungwa na George Harrison na John Lennon kwa kuiga namna ya Hank, wakauita "Cry for a Shadow". Mwaka mmoja baadaye, Juni 1962, waliingia studio ileile namba 2 ya Abbey Road. Kilichobadilika ni kwamba watu walewale wanne sasa walikuwa wanaimba wenyewe, na tena walikuwa wanaimba vizuri, kwa hiyo kundi lililojengwa juu ya kukosa mwimbaji likaonekana kama nyumba ambayo fundi alisahau mlango.

Walijitahidi. John Rostill akachukua besi baada ya Locking kuondoka mwaka 1963 ili atumikie dini yake ya Mashahidi wa Yehova, na kwa masikio yangu Rostill ndiye mpiga besi bora kuliko wote waliopita pale. Anasikika wazi katika "The Rise and Fall of Flingel Bunt" ya mwaka 1964, iliyofika nafasi ya 5, ambamo Hank anaacha usafi wake wote na kupiga gitaa kwa ukali, kama mtu aliyechoka kuambiwa ana adabu. Mimi hiyo ndiyo santuri yao ninayoipenda kuliko zote. Baada yake namba zikaanza kuteremka ngazi, 22, 17, na mwaka 1965 wakafungua midomo: "Mary Anne" waliimba ikafika ya 17, kisha "Don't Make My Baby Blue" waliimba ikafika ya 10. Hapo lazima nikiri kwamba hoja ya baba mdogo inapata ufa, maana ya mwisho kuingia kumi bora katika miaka ya sitini ilikuwa ya kuimba. Nilimtajia. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi walipata moja." Mwishoni mwa 1968 wakavunja kundi.

Marekani hawakuwahi kuingia hata kwenye mia bora, na kinachouma ni kwamba "Apache" yenyewe iliingia, tena mwaka 1961 ilifika nafasi ya 2, lakini kwa mkono wa mpiga gitaa wa Denmark, Jørgen Ingmann. Kisha mwaka 1973 kundi la studio lililoitwa Incredible Bongo Band likairekodi upya, likiweka katikati kipande kirefu cha drams na bongo, na kipande hicho DJ Kool Herc akakichukua katika sherehe za Bronx, New York, akawa anakirudiarudia kwa santuri mbili ili watu wacheze bila kukatwa. Wanaofuatilia muziki wa kufokafoka wanakiheshimu kama mashairi ya zamani. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mji unaojiita Bongo na uliozaa Bongo Fleva, kukuta neno hilo kwenye mzizi wa jambo ni kichekesho cha bahati tu, lakini nimekifurahia.

Huko kwao hawakusahauliwa. Mwaka 1975, baada ya kurudiana, waliiwakilisha Uingereza katika mashindano ya Eurovision kwa wimbo wa kuimba, wakawa wa pili. Albamu ya mkusanyiko "20 Golden Greats" ikawa ya kwanza mwaka 1977, na mwaka 1979 walirudi kumi bora mara mbili kwa nyimbo ambazo watu walizijua tayari, "Don't Cry for Me Argentina" ikifika ya 5 na muziki wa filamu ya "The Deer Hunter" ukifika wa 9. Zote mbili bila neno hata moja, gitaa likiimba mahali pa mtu.

Nimebakiza jambo moja kuhusu DB 4484. Norrie Paramor, mtayarishaji, hakutaka "Apache" iwe upande wa kwanza. Alichokipenda yeye ni upande wa pili, "Quartermasster's Stores", wimbo wa zamani wa askari uliochangamshwa kwa gitaa, na alibadili nia baada ya binti yake kusikiliza pande zote na kuchagua "Apache". Niliposoma habari hiyo niliinuka nikaichukua santuri ya baba mdogo, nikaisogeza chini ya taa na kuigeuza. Upande wa "Apache" una weupe kama jivu, mifereji imelika kwa sindano nzito za miaka arobaini, na karibu na mwanzo, pale Hank anapoingia, kuna mstari wa kukwaruza ambao kila mara huifanya sindano iruke ngoma mbili. Upande wa "Quartermasster's Stores" unang'aa. Nilijiona uso wangu ndani yake.